Kijiti Hakirushwi

Siku ya kuniaga, keki ikiwa imebaki makombo, vijana wa idara waliniuliza ni nani aliyenifundisha kazi ya uhusiano wa umma. Nikawajibu kwamba nimefundishwa na watu wanaokimbia. Walicheka, na sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe sijawahi kukimbia ila kufuata basi, na mara nyingi basi lilinishinda. Kisha mmoja wao akasema, "Basi utuandikie, Mama Neema, tusije tukabaki na mzaha." Ndiyo haya. Nitaruka vyeo na mishahara, kwa sababu havikunifundisha kitu. Nitawaeleza kazi, jinsi nilivyoiona katika miji mitatu, na mtanisamehe nikienda pole.

Nilizaliwa Uvira na nikasoma kambini Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu cha kuandika kina adabu kuliko cha mdomoni. Marekani tulitua Louisville, upande wa South End, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga masanduku ghalani. Wakongo tulikuwa wengi pale. Wasimamizi wakiwa na neno, waliniita nitafsiri. Nikitafsiri, watu wanauliza maswali. Nikijibu maswali, watu wanaleta malalamiko. Nikipeleka malalamiko, wakubwa wanataka nirudishe majibu. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna watu wanaosomea jambo hilo chuoni miaka mizima. Siku moja meneja akaniambia kwamba gazeti la mtaa linakuja kumhoji juu ya wafanyakazi wahamiaji, na angependa nisimame karibu naye. Nilidhani ananifanya pambo.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa akisafisha mabanda kwenye uwanja wa mbio za farasi, si mbali na kwetu. Asubuhi za Jumamosi nilimpelekea chai na mandazi, nikasimama kwenye uzio kuangalia. Nikaona kwamba farasi wa mbio hatoki peke yake. Kila mmoja, mwenye ngozi ya kung'aa na macho ya wasiwasi, alikuwa ubavuni mwa farasi mwingine wa kawaida tu, mnene kidogo, anayetembea kama mtu aendaye sokoni.

"Kwa nini wanatokaka wawili wawili?" nilimuuliza.

"Ule wa kung'aa njo anakimbia," Baba Neema akasema; kwetu "njo" ni "ndiye". "Ule mwingine anamusindikizaka tu mpaka ku lango. Kama haiko, ule wa mbio anachoka na woga mbele mbio haijaanza."

"Na akisha kumufikisha?"

"Anarudi. Hakuna mutu anamuangaliaka."

Siku ya gazeti nilifanya hivyo hivyo. Meneja wetu alikuwa mtu hodari wa kazi lakini mbele ya mwandishi alikuwa anatoka jasho la mikono. Nilitembea naye kutoka ofisini hadi getini, ubavuni, sikumtangulia wala sikumkumbusha jambo lolote. Nilimuuliza habari za mbwa wake aliyekuwa mgonjwa. Alipofika kwa mwandishi alikuwa na pumzi ya kawaida, akasema vizuri. Sijamwambia mpaka leo kwamba nilijifunza kwa farasi. Wakubwa hawapendi kulinganishwa na mnyama, hata yule mnyama akiwa na jina kubwa kuliko lao.

Nawaona siku hizi mkimkimbilia mkurugenzi na karatasi mpya akiwa tayari mbele ya kipaza sauti, "rekebisho la mwisho, bosi." Hakuna mtu wa farasi anayebadilisha kiatu langoni. Kilichokosa kuandaliwa jana, leo kiacheni.

Kutoka Louisville tulihamia Columbus, kwa sababu shemeji yangu alikuwa huko na kwa sababu kampuni moja ya kusafirisha mizigo karibu na uwanja wa ndege, upande wa Gahanna, ilitafuta mtu wa kuzungumza na wafanyakazi wake waliosema Kiswahili. Huko nilimkuta Dana, mkuu wa mawasiliano. Ujanani alikuwa amekimbia mbio za kupokezana vijiti, kwa kiwango ambacho nchi inampa mtu jezi. Goti lilikuwa limeharibika, akawa anashuka ngazi kiubavu, lakini akiwa amekaa ungedhani anangoja mlio wa bastola.

Wiki yangu ya kwanza alinikabidhi mwiko wa mti. Kweli, mwiko wa jikoni. Idara nzima tulipangwa kwenye ukumbi mrefu unaoelekea ghalani, tukaambiwa tupokezane tukiwa tunatembea haraka. Madereva wa foklifti, yale magari madogo ya kuinulia mizigo, walisimama kututazama. Mmoja wa kwetu akaniuliza kwa sauti kama kampuni imeanza kupika. Mwiko ulianguka mara ya kwanza, ukaanguka mara ya pili, na kila ulipoanguka Dana aliuliza swali moja: "Nani ameuangusha?" Aliyepokea alisema ni aliyetoa. Aliyetoa alisema ni aliyepokea.

"Anayetoa ndiye mwenye kijiti," Dana akasema, "mpaka ahisi mkono wa mwenzake umekaza. Hakirushwi. Na kuna kipande cha uwanja kilichochorwa mistari, ndani yake ndimo kinapokezanwa. Ukikitoa kabla ya mstari au baada ya mstari, hata ukimaliza wa kwanza, mmeondolewa. Niliwahi kuona timu yenye wakimbiaji wenye kasi kuliko wote ikirudi nyumbani mikono mitupu. Hawakushindwa na miguu."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Baba Neema, akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini ukiondoa mwiko, hiyo ndiyo kazi yetu yote. Habari inatoka kwa aliyeiona, inapita kwa msimamizi, inafika kwetu, inaenda kwa waandishi, inafika sebuleni kwa mtu. Inaharibika pale inapobadilisha mikono. Msimamizi anasema "nilituma ujumbe," kama kwamba kutuma ni kufikisha. Dana alikataza neno hilo idarani. Ukimwambia umetuma, alikuuliza, "Alikaza mkono?"

Jambo la pili nililopata kwake ni kutazama mkanda. Wachezaji wakubwa hukaa wakatazama mchezo uliopita, na hilo kila mtu analijua. Ambalo watu hawalijui ni kwamba huutazama hata waliposhinda. Sisi tukipata habari nzuri gazetini tunaagiza pizza. Dana alitukalisha na pizza yetu, akaturudisha kwenye mahojiano yaliyosifiwa, akatuonyesha mahali ambapo bahati tu ilituokoa: mwandishi aliyesahau kuuliza swali, umeme uliokatika kwa wakati wake. Ilikuwa inakera. Chakula kilipoa, na mimi sipendi jibini iliyoganda. Lakini tulipofika kwenye jambo gumu, hatukuwa watu waliojidanganya.

La tatu ni namna ya kusema ukishindwa. Mtazameni mkimbiaji aliyeshindwa, anahojiwa kando ya uwanja bado anahema. Walio bora husema maneno machache: nimeshindwa, mwenzangu alikuwa bora leo, narudi mazoezini. Hawataji upepo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, sisi tunasema, na tunalisema kwa kumcheka jirani, kisha kampuni zetu zikikosea tunaandika kurasa mbili za upepo. Niliandika taarifa nyingi za kushindwa nikiwa Columbus, mizigo iliyopotea, malango yaliyofungwa wakati wa theluji, na kila moja Dana aliifuta nusu yake. Nusu iliyofutwa ilikuwa upepo.

Nisiwadanganye kwamba nilikubali kila kitu. Wapenda michezo wana tabia ya kuona dunia nzima ni uwanja. Kuna semina moja tulipelekwa, bwana mmoja mwenye mabega akatuambia tuwaone waandishi wa habari kama wapinzani. Nilimwambia Dana kwamba huyo bwana hajawahi kuzika mtu akakutana na mwandishi mwenye utu. Mwandishi si mpinzani. Akilinganishwa na mtu wa uwanjani, labda ni mwamuzi, na mwamuzi hachukiwi wala hanunuliwi chakula. Tena, michezoni kila mtu anakubali kwamba saa ya wote ni ileile. Mlio ukilia, wote wanaanza. Kwetu si hivyo. Hilo nililifahamu kwa undani Buffalo, na ndilo nililotaka kuwaandikia tangu mwanzo, nimezunguka tu.

Buffalo nilikwenda kuwa msemaji wa kiwanda cha vyakula vya kugandishwa. Jina lake liacheni. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wa kwetu, wa Uvira, wa Fizi, wa milimani Minembwe, watu wa makanisa ya Jumapili nzima. Nilikaa Kensington-Bailey, mtaa uleule wanaokaa wao, na wengi tulisali pamoja. Meneja mkuu alikuwa Tom, mtu wa haki, mwenye haraka.

Asubuhi moja ya kazi foklifti ilipinduka kwenye mteremko wa kupakilia. Kijana aliyekuwa akiiendesha aliitwa Elia. Nilimfahamu; aliimba besi kanisani na alikuwa mtu wa kuchelewa mazoezi ya kwaya akaingia anatabasamu. Alipelekwa hospitali na akafa kabla ya sisi kumaliza kuuliza ilikuwaje.

Hospitali ilimpigia mtu ambaye Elia alimwandikisha kuwa wa kupigiwa simu ya dharura. Elia alipoingia Marekani alianzia Louisville kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, na hakuwahi kubadilisha. Kwa hiyo wa kwanza kujua alikuwa Mjomba Sebagabo, huko Louisville, safari ya siku nzima ya gari. Mjomba akampigia Mzee Rubeni wa kanisa letu, akamwambia: mukusanyike kwa dada yangu, mumuambie mutoto ameumia mukono, musiseme kingine mpaka miye nifike.

Wenzangu msiotoka kwetu, msishangae. Kwetu mtu haambiwi kifo kwa simu. Haambiwi akiwa peke yake, wala akiwa amesimama. Watu wanaenda nyumbani kwake, wanakaa, wanamzunguka, wanaomba, na mwenye haki ya kusema ndiye anayesema. Na kwa mtoto wa dada, mwenye haki ni mjomba. Mpaka watu watimie, aliyekufa "anaumwa." Wanakuchukulia simu yako wakisema wanaichaji. Wanazima televisheni wakisema kichwa kinawauma. Kuna methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tumefanya kinyume, tunakificha kifo ndani ya maradhi kwa muda, ili anayepokea apate mikono ya kumshika. Sisemi ni kamilifu. Nasema ndiyo yetu.

Tom aliniita. "Familia imeshaarifiwa," akasema. "Hospitali imethibitisha, mjomba amepokea simu. Tutoe taarifa sasa."

"Mama yake hajui."

"Mjomba si familia?"

"Mjomba ni familia kuliko unavyodhani. Ndiyo maana mama hajui."

Alinitazama kama niliyempa chemshabongo. Nikamweleza. Akanisikiliza, nampa haki yake, kisha akanionyesha dirisha. Nje kulikuwa na wafanyakazi wamesimama na simu masikioni. Uvumi ulikuwa umeanza kusema waliokufa ni wengi, na akina mama wa mtaa mzima walikuwa wakipiga simu kiwandani, kila mmoja akiulizia wake. "Hao nao wana haki," Tom akasema. Alisema kweli. Kusubiri kulikuwa na gharama, na waliokuwa wakiilipa walikuwa majirani zangu.

Tukaandika maneno machache: ajali moja, mfanyakazi mmoja amehusika, wengine wote wako salama, tuko pamoja na familia yake. Hakuna uongo humo. Tom alisoma mwenyewe getini. Nilimsindikiza mpaka pale, ubavuni, nikarudi nyuma. Simu za akina mama zikapungua. Lakini mwandishi mmoja wa televisheni, Colleen, ambaye tulifahamiana kwa kazi nyingi, alinipigia mara moja.

"Najua amekufa," akasema. "Nimethibitisha kwa njia mbili. Nina jina. Habari za mchana zinakaribia."

"Mama yake yuko nyumbani anadhani ameumia mkono."

Colleen ana mtoto wa kiume.

"Siwezi kuacha kabisa," akasema. "Wengine wataipata. Naweza kuiweka mwisho wa taarifa badala ya mwanzo. Ukiniambia ameambiwa, naisoma. Usiponiambia... sijui, Mama Neema. Niambie tu."

Nilichukua koti. Tom aliuliza nani atabaki na kipaza sauti, nikamwambia yeye. Niliogopa sana njiani, nasema wazi. Sikuogopa kazi. Niliogopa kwamba Mama Elia angesikia jina la mtoto wake kutoka kwa mtu mwenye vipodozi, katikati ya hali ya hewa na michezo, au kutoka kwa mwandishi mwingine aliyegonga mlango akiuliza anajisikiaje. Na tayari kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, mtu wa Columbus alikuwa ameweka picha ya mshumaa. Hakuandika jina, lakini kwetu mshumaa hauhitaji jina. Mama Elia alikuwa kwenye kundi hilo. Kilichomkinga ni kwamba simu yake "ilikuwa ikichajiwa."

Nilisimamisha gari mbele ya nyumba yake, kando ya barabara ya Bailey, sikushuka. Nilimpigia Mjomba Sebagabo. Nilimjua tangu South End; ndiye aliyewafundisha watoto wetu mpira, mtu wa sauti nzito na ya pole.

"Miye niko mu gari," akasema. "Mutoto wangu njo anaendesha. Nitafika magaribi. Mutangoja."

"Mjomba, hatuwezi. Mchana huu televisheni itasema."

"Uwakataze. Weye njo unafanyaka ile kazi."

"Nimewakataza kadiri niwezavyo. Sina nguvu ingine."

"Bon," akasema, maana yake sawa, "lakini bila miye hamuwezi kumuambia. Nilimutoa Elia ku ndege na mukono yangu. Miye njo mjomba."

Nikasikia anapumua. Sikutaka kumshinda kwa maneno. Ningeweza, ni kazi yangu, na ndiyo sababu sikutaka. Nikamwambia jambo lililonijia, kwamba kuna mbio ambazo mtu mmoja hazimalizi. Mwenye kijiti anakimbia kipande chake, na kama mstari umefika na yeye bado ana nguvu, bado anakitoa, kwa sababu mstari haumwulizi. "Hatukunyang'anyi, Mjomba. Weye njo unakitoa. Chagua mkono."

Nilisikia magari ya barabarani upande wake.

"Donc, kwa hiyo unataka niweke maneno ku mukono ya Rubeni."

"Ndiyo."

"Atasema ni miye nimesema. Asiseme ni yeye."

"Atasema hivyo."

"Amuambie dada niko njiani. Amuambie nilitaka kufika. Bon. Nitamuita sasa hivi."

Niliposhuka garini nilimwona Mzee Rubeni akitoka barazani, simu sikioni, kofia mkononi. Alisikiliza akiinamisha kichwa. "Ndiyo, mukubwa. Ndiyo. Nimeshika." Alipomaliza aliirudia habari yote kwa sauti ndogo, Mjomba bado yuko kwenye simu, kuhakikisha hakuna neno lililoanguka. Hakuna aliyemfundisha Mzee Rubeni mambo ya mwiko. Kisha akanifungulia mlango wa nyumba.

Mama Elia alikuwa amekaa kwenye kochi, mfuko magotini. Ndani yake aliweka sweta, ndala, na chaja ya simu ya mtoto wake, kwa sababu hospitalini watu wanakosa chaja. Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni, wanaongea mambo ya bei na baridi. Aliponiona aliinua kichwa.

"Unatoka ku hospitali?"

"Hapana, mama. Natoka kazini."

Wawili wakasogea, mmoja kila upande wake. Mzee Rubeni akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti karibu yaguse.

"Mama Elia, haya maneno haiko yangu," akasema. "Ni ya kaka yako. Amenituma, kwa sababu yeye iko mu njia anakuja."

"Anakuja hapa?"

"Ndiyo."

Mama Elia aliutazama mfuko. Alitoa chaja, akaizungusha waya wake vizuri, akairudisha.

"Mutu hatokake Louisville kwa kuona mukono," akasema.

"Hapana, mama."

"Basi sema."

"Elia alituacha hii asubuhi. Kaka yako anasema alitaka kuwa hapa."

Alilia, na sisi tulilia naye, na mikono iliyokuwa tayari ilimshika. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mjomba aliwekwa kwenye simu akasikika akimwita dada yake jina la utotoni, na mtu akaanza wimbo.

Baada ya muda nilijiondoa kidogo kuelekea jikoni, nikatoa simu. Nilikuwa nimeandika kwa Colleen, "Ameambiwa," kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma. Nilifikiri nimemaliza. Nilijisikia hata nafuu, nakiri, nafuu ya mtu wa kazi aliyefika kwa wakati. Mkono ukanishika kifundo cha mkono. Mama Elia alikuwa ameinuka, akina mama wakimfuata.

"Unaandikia nani?"

"Televisheni, mama. Walikuwa wanangoja wewe uambiwe."

"Na Rahema?"

Rahema ni binti yake, mdogo wa Elia, alikuwa shuleni kwenye sekondari ya mtaani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria, si mimi, si Mzee Rubeni, si Mjomba. Sote tulikuwa tumeutazama mlango mmoja.

"Rahema iko ku masomo," Mama Elia akasema. "Simu iko mu mukono yake saa yote. Watoto wote ya shule iko na simu. Uwaambie bado."

Nilifuta. Nikaandika, "Bado. Kuna dada yake." Colleen akajibu, "Sawa." Sikumuuliza alilipia nini neno hilo kwa wakubwa wake.

Mzee Rubeni alisema wazee wataenda shuleni, yeye apumzike. Mama Elia alikuwa akitafuta viatu.

"Nyinyi mulishafanya yenu," akamwambia, bila hasira. "Sasa miye."

Niliwapeleka kwa gari langu. Kwenye ofisi ya shule tulipewa chumba kidogo chenye viti vya plastiki na ramani ya majimbo, na mwalimu akaenda kumwita. Mama Elia alikataa kukaa. Alijifuta uso kwa pembe ya kitenge, akakifunga upya kiunoni, akasimama ameelekea mlango.

Rahema aliingia, mkoba begani, simu mkononi, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Mama yake alimsogelea, akamtoa simu mkononi taratibu, akanipa mimi bila kunitazama. Kisha akamkalisha, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mutoto yangu," akasema, "niangalie miye."